Hana Sifa

Saa nne kamili sanduku la zabuni likafunguliwa:
kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu wasioaminiana,
na mimi katibu, na kalamu yangu ya wino mwekundu.
Nje, ukungu wa Newala ulikuwa bado umelalia paa la masjala,
maji tele hewani, na hakuna wa kuyateka.

Bahasha ya kwanza, ya mtu wa Masasi: bei imepaa.
Ya pili haina dhamana.
Ya tatu:
Namahonga Jumla na Rejareja, Sanduku la Posta 71,
na muhuri wa bluu, herufi N imevunjika mguu.

Niliujua mguu ule.
Mwaka juzi uligongwa kwenye ankara ya Likwachala na Wanawe,
ankara ya mabomba ya inchi mbili
yaliyokuja na wembamba wa ganda la karanga.
Yalipasuka siku ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi.
Maji yakaruka, watoto wakashangilia,
wakadhani ndivyo mradi unavyotakiwa kuwa.

Kesho yake ndoo zikarudi bondeni Kitangari.
Saa mbili kushuka. Kupanda usiniulize.
Somoe Chihako alijifungulia kwenye mteremko ule,
ndoo pembeni, na tone halikumwagika.
Watu wakamsifu.
Mimi sikuona cha kusifu.

Barua ya kumfungia niliibandika mwenyewe ubaoni:
miaka mitatu, asipewe kazi yoyote ya serikali.
Pini nne. Upepo ukala tatu.
Miezi kumi na sita tu, na sasa Likwachala kavaa jina jipya.
Mkurugenzi: Fadina Chipwele,
mdogo wangu wa kunifuata, anayesomea ushonaji Ndanda,
ambaye hajawahi kununua hata bomba la sindano.

Mjomba.
Basi, nimelitaja.
Kwetu baba ni mgeni aliyekaribishwa, mjomba ndiye ukoo.
Yeye ndiye aliyeuza korosho zake kabla ya mnada, kwa hasara,
ili nisirudishwe shule kwa sababu ya ada.
Msibani huchinja. Arusini husimama.
Ukiuliza kijiji kizima watakwambia: yule bwana ana sifa.

Lugha yetu nayo ina utani wake.
Neno moja tu, la kwenye vigelegele na la kwenye fomu.

"Katibu," mwenyekiti akauliza, "huyu ana sifa?"

Nikaleta jalada la zamani kutoka kabatini, vumbi likanipalia.
Nikaweka ankara kando ya bahasha, pale dirishani penye mwanga,
N kwa N, mguu kwa mguu.
Nikasema: "Muhuri ni ule ule. Na huyu ni mjomba wangu,
tumbo moja na mama."
Kisha nikatoka, kama kanuni inavyotaka,
nikasimama ukumbini kama mtoto aliyefukuzwa darasani.
Nikamsikia mmoja akisema, "Lakini bei yake nafuu."
Mwingine akakohoa. Kimya kikawa kirefu.

Waliponiita, kalamu yangu haikuwa nilipoiacha.
Kwenye safu ya maoni, kwa mwandiko wa Mchopa wa mizani,
mwandiko mnene, umelala upande:
Hana sifa
bila nukta.
Nukta nikaitia mimi.

Jioni alikuja nyumbani. Habari zilishatangulia.
Mama akampa kiti, akarudi jikoni, hakutoka tena.
Hakunigombeza. Aliomba maji tu.
Nikamtilia kikombe cha bati.

"Ya wapi haya?"
"Ya bondeni. Mama kayachota alfajiri."

Akayatazama muda mrefu
kuliko mtu anavyotazama maji.
Akanywa nusu.
Nusu iliyobaki hakuimwaga;
akainuka, akairudisha mtungini, polepole,
akafunika.